Mafua ya Baba

Ninapoishi sasa, hapa Makambako, malori ya nguzo hupita mbele ya nyumba yangu tangu asubuhi. Ni nguzo za umeme, mikaratusi iliyokatwa juzi na bado inatoa maji. Lori likipunguza mwendo kwenye tuta, harufu hufika kabla ya vumbi. Majirani wanalalamikia vumbi. Mimi naacha ninachofanya, hata kama mikono imejaa unga, nasimama mlangoni mpaka lori lipotelee kule kona ya stendi. Wanangu wamenizoea. Husema, "Mama kashasimama tena," kisha wanaendelea na yao. Sijawahi kuwaambia kwamba pale mlangoni huwa nanusa shati la babu yao.

Baba amefariki mwaka huu, mahindi yakiwa bado mabichi. Naandika haya kwa ajili yetu sisi wa rika langu, tuliofundishwa jambo moja tu la kufanya na hofu, nalo ni kujikaza. Ukianguka, jikaze. Ukifiwa, jikaze. Ukisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio huku magoti yanagongana, jikaze, mtoto wa kike gani wewe! Nilijikaza kweli. Na nusura kujikaza kuninyime pumzi kabisa, maana kipindi kirefu cha utoto wangu niliamini kwamba ninakufa, na sikumwambia mtu.

Tulikaa Kichiwa, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma inayotazama shamba la viazi. Baba alikuwa mkata nguzo. Alitoka na ukungu akarudi na ukungu, panga kiunoni, na nguo zake zilinuka mikaratusi hata zikitoka kufuliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, yule ambaye ukimsalimia "Kamwene" anaitikia vizuri, kisha anakuachia wewe mazungumzo yote. Mama ndiye aliyeongea kwa niaba ya nyumba nzima. Aliongea na kuku, aliongea na moshi ukimwingia machoni, aliigombeza mvua.

Kisha Mama akaanza kusimama njiani. Tulikuwa tukipanda kile kilima kutoka kisimani, yeye na ndoo kichwani, mimi na kidumu changu, na ghafla anasimama, anaweka mkono kifuani, mdomo wazi kama samaki aliyetupwa nje. Nikimuuliza ananiambia, "Tangulia, nakuja." Baadaye hakwenda tena kisimani. Shangazi, dada yake Baba anayeishi Mahongole, akaja kumuuguza. Kila jioni Shangazi alichemsha sufuria kubwa ya majani ya mikaratusi na mchaichai, akamkalisha Mama kwenye kigoda, akamfunika blanketi zito la kijivu lenye mistari myekundu, ajifukize. Mimi nilikaa pembeni nikisikia Mama akihangaika na pumzi mle ndani. Nilipouliza, Shangazi alisema, "Mama yako hana kitu, kachoka tu." Baba naye alisema hivyohivyo: "Hana kitu." Hata akina mama wa kanisani waliokuja na sukari walisema hana kitu.

Siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta mabenchi ya kanisani yamepangwa uani kwetu. Sikuhitaji kuambiwa. Lakini jambo moja nilijifunza siku ile, na nililishika kwa nguvu zote za mtoto aliyedanganywa: kwamba "hana kitu" ni maneno ambayo watu wazima husema juu ya mtu anayekufa.

Msibani Baba hakulia. Alikaa nyuma ya nyumba akipasua kuni za kupikia waombolezaji, gogo baada ya gogo, hata zilipozidi mahitaji. Wanaume walimsifu. "Mwanaume kajikaza huyu," walisema, wakitikisa vichwa kwa heshima. Mimi nilimchukia kidogo. Nililia mpaka sauti ikakauka, na kila nilipotulia nilisikia shoka lile, nikajiambia kwamba Baba hakumpenda Mama.

Nilichobaki nacho kilikuwa mbio. Sijui kwa nini Mungu aligawa vile, lakini darasa zima lilijua kwamba nikitumwa dukani nilikuwa nimesharudi kabla aliyenituma hajakumbuka amesahau chumvi. Mwalimu Mligo, mwalimu wetu wa michezo, alivaa kofia ya kufuma ya rangi zote na filimbi shingoni kama mkufu. Alinichagua mita mia nane. Kulikuwa na michezo ya shule za msingi itakayofanyika Makambako, na kwanza tulipaswa kukimbia kwenye mchujo wa kata. Rafiki yangu Vumilia alichaguliwa pia. Yeye alikimbia polepole kuliko mimi lakini aliongea haraka, na safari nzima ya kwenda mchujoni alinihakikishia kwamba tungenunuliwa soda.

Tulisimama kwenye mstari wa majivu. Mwalimu wa shule jirani akainua mkono. Na hapo, bila sababu ninayoijua, kifua changu kikafunga. Nilivuta hewa ikagoma kuingia. Vidole vikafa ganzi, masikio yakajaa uvumi wa nyuki, na ule uwanja uliokuwa na jua ukawa na giza pembeni. Filimbi ilipolia nilitoka mbio kama niliyeona nyoka, nikawaacha wote mbali, na kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza nikasimama. Mkono kifuani. Mdomo wazi. Vumilia alinipita akiwa ananikodolea macho.

"Umepatwa na nini?" Mwalimu Mligo alinifokea, ingawa nakumbuka mkono wake ulikuwa mpole begani kwangu. "Woga huo! Mtoto ana miguu ya swala na moyo wa kuku! Jikaze!"

Mimi sikusikia habari ya kuku. Nilijua nilipowahi kuona mkono ule kifuani na mdomo ule wazi. Niliuona kwenye kilima cha kisimani. Nilirudi nyumbani na uhakika kamili kwamba ugonjwa wa Mama umenihamia, kwamba ulikuwa umekaa kwenye lile blanketi ukinisubiri.

Wenzangu wenye watoto sasa mtaniuliza kwa nini sikusema. Sikusema kwa sababu nyumbani tulikuwa wawili tu. Nikimwambia Baba, niliona, atabaki na msiba wa pili kabla wa kwanza haujapoa. Nikikataa mbio, Mwalimu atataka sababu, na sababu itamfikia Baba. Nikikimbia, nitaanguka mbele ya watu na kufa. Niliyapima hayo usiku na mchana kwa akili ya mtoto wa darasa la sita, na kila njia ilinirudisha palepale. Mwalimu naye alikataa kunitoa. Alisema mwenye mbio kama zangu haachwi kwa sababu ya siku moja mbaya, na akawaomba walimu wa kata waliache jina langu miongoni mwa watakaokwenda Makambako.

Lakini alimwambia Baba. Walikutana njiani, na kesho yake Baba hakwenda msituni. Alinipeleka zahanati, akivaa shati lake la kanisani. Mganga alinisikiliza kifuani na mgongoni kwa kile chuma cha baridi, akanipima, akaniambia niruke mara kadhaa, akasikiliza tena. Kisha akamwambia Baba, nami nikisikia, "Mtoto hana kitu. Moyo wake mzima kabisa. Huu ni wasiwasi, mzee, na msiba mlioupata."

Hana kitu! Nilimtazama Baba usoni nione kama atashtuka, lakini alishusha pumzi tu na kumshukuru mganga. Njia nzima ya kurudi nilitembea nyuma yake nikiangalia visigino vyake vilivyopasuka. Nilijiambia, basi ndivyo ilivyo, nao wameamua kunificha kama walivyonificha ya Mama.

Jioni ile nikasikia harufu. Baba alikuwa amekuja na tawi la mikaratusi, ameyapukuta majani ndani ya sufuria ileile, na ilikuwa ikitokota jikoni. Kwenye mkeka, limekunjwa vizuri, lilikuwepo blanketi la kijivu. Kwetu mtu mwenye afya hafukizwi. Ukifukizwa, unaumwa.

"Njoo, mama," Baba aliniita. Ndivyo alivyoniita siku zote, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Njoo tujifukize."

"Na wewe unaumwa?"

"Nina mafua."

Kweli alikuwa na mafua, au ndivyo alivyokuwa akisema. Tangu msiba, jioni nyingi nilimkuta amejifunika lile blanketi peke yake juu ya sufuria, na mtu akipita kumsalimia aliambiwa mzee ana mafua. Na mafua Njombe hayashangazi mtu, hasa ile miezi ya baridi kali ambapo maji ya ndoo huamka yana ngozi ya barafu. Sikuwahi kufikiria zaidi ya hapo.

Alikaa kwenye kigoda, akanikalisha mbele yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, sufuria ikiwa katikati yetu, akatufunika wote wawili. Giza likaingia mara moja, giza la sufu na moshi wa zamani. Kisha akasogeza kifuniko kidogo tu. Mvuke ulipanda ukanipiga usoni, nikavuta hewa kwa pupa kama mtu anayezama, na moto ukanichoma pua mpaka kooni. Nilikohoa, nikainuka. Mkono wake ukanirudisha chini taratibu.

"Ukiukimbilia utakuunguza," alisema. "Ngoja uje wenyewe. Vuta kidogo kwa pua. Halafu toa, kama unapoza uji."

"Nitakufa, Baba."

"Poza uji."

Nikapoza uji. Nilipuliza polepole, kwa midomo iliyobinuka, kama nilivyofundishwa na Mama kwenye kikombe cha bati. Nikavuta kidogo. Nikapoza tena. Mbele yangu, katika giza, nilisikia Baba naye akipoza wa kwake, pumzi ndefu yenye mtetemo mwishoni. Nilianza kumfuata. Yeye akitoa nami natoa, yeye akivuta nami navuta. Kifua changu kilichokuwa kimekunjwa tangu siku ya mchujo kikaanza kukunjuka, hatua kwa hatua. Tulikaa hivyo mpaka sufuria ikapoa.

Ikawa desturi yetu. Akirudi msituni anaweka panga, anaosha mikono, anachemsha majani. Hakunieleza kwa nini, wala sikuuliza, kwa kuwa nilidhani najua. Nilidhani Baba ananifundisha kufa vizuri. Mama alikuwa amehangaika mwishoni. Nilisikia kwa masikio yangu. Niliamua kwamba Baba hataki nihangaike vile, anataka siku ikifika niondoke taratibu, nikipoza uji. Na ajabu ni kwamba wazo hilo halikunitisha sana. Nilimpenda kwa kujisumbua hivyo. Chuki yangu ya msibani iliyeyuka mle ndani, bila mimi kuona ilivyokwenda.

Jioni moja nilinyoosha mkono gizani nikagusa uso wake. Ulikuwa umelowa.

"Baba, unalia?"

"Ni mvuke, mama."

Nilijigusa na mimi. Uso wangu nao ulikuwa umelowa. Nikaridhika na jibu hilo.

Jioni nyingine ndiye aliyeuliza, na kwake swali lilikuwa kitu adimu. "Ukisimama pale kwenye mstari, unaona nini?"

"Giza."

"Kama humu?"

Nilifikiri. "Kama humu. Ila kule niko peke yangu."

Alisogeza kifuniko, akapuliza ile pumzi yake ndefu, nami nikaifuata.

Siku ya kwenda Makambako ilipokaribia, nilianza kugawa mali zangu. Vumilia nilimpa kamba yangu ya kuruka na kile kifutio chenye harufu ya ndizi alichokitamani tangu darasa la nne.

"Kwani unahama?" aliniuliza.

"Naenda Makambako."

"Si tunaenda wote?"

Nilimsukumia kifutio. Alikipokea kifutio akakinusa, akaniambia nikikihitaji nimwombe.

Nani wa rika letu asiyeukumbuka upepo wa Makambako? Uliinua majivu ya mistari ukayapaka miguu yetu, ukazipeperusha bendera za karatasi, na kila mwalimu aliyetangaza jambo alitangazia upepo. Tulilala kwa Shangazi kule Mahongole, wanne kitanda kimoja. Asubuhi Shangazi alitupa viazi vya kuchemsha na chai, akanifunga vizuri vifungo vya sweta, akaniambia nikakimbie kama mtu anayeitwa kwao. Baba sikumtarajia. Alikuwa msituni, na hakuwa ameahidi.

Tulipoitwa mita mia nane, nilikwenda kwenye mstari nikiwa nimeshayaaga yote. Na kweli, ukaja ule ugonjwa. Kifua kikafunga palepale kilipofunga siku ile, vidole vikafa ganzi, nyuki wakaanza. Nikafanya jambo la pekee nililolijua. Nilivuta sweta juu, nikaingiza kichwa ndani, nikajitengenezea giza langu. Nilianza kupoza uji.

Wasichana wa pembeni walicheka. Mmoja hakucheka, alirudi nyuma akipiga kelele, "Mwalimu! Huyu ananong'ona kwenye nguo!" Mwalimu mmoja wa shule nyingine, aliyekuwa akisimamia mstari, akaja kwa hatua ndefu.

"Toa kichwa. Unafanya nini humo?"

"Napumua, mwalimu."

"Unapumulia ndani ya sweta? Haya mambo ya waganga hatuyataki hapa. Vua."

"Mwalimu, ni mtoto, ana wasiwasi tu," nilimsikia Mwalimu Mligo akitetea kwa mbali.

"Basi wasiwasi wake auvue. Nimeshaona vitu vingi vinafungwa kwenye nguo za michezo."

Nikavua. Alilikung'uta sweta langu mbele ya watu wote, akapekua mikono yake, akaligeuza nje ndani. Hakikutoka kitu zaidi ya ganda la kiazi. Watu walicheka, naye akalitupa pembeni. Upepo ukaniingia mpaka mifupani, na sikuwa tena na pa kujificha. Nilihisi aibu kali sana, na chini ya aibu, ule ugonjwa ukipanda.

Ndipo nilipomwona. Nyuma ya watu, karibu na uzio wa miti, Baba alikuwa amesimama na nguo zake za msituni. Baadaye nilijua aliomba nafasi kwenye lori la nguzo lililokuwa linashuka Makambako. Hakunipungia mkono. Hata kunitazama hakunitazama. Alikuwa ameangalia chini, mikono miwili imekusanywa mbele ya mdomo, akiipulizia pumzi ndefu, polepole, mabega yakipanda na kushuka. Nilidhani baridi imempata na anapasha vidole moto.

Lakini pumzi ile niliijua. Yeye alipotoa, nikatoa. Alipovuta, nikavuta. Umati mzima ulikuwa katikati yetu, na filimbi, na upepo, na yule mwalimu wa sweta, na bado niliisikia pumzi ya Baba karibu kama iko chini ya blanketi. Giza lilikuja pembeni mwa macho kama kawaida yake. Safari hii sikulikimbilia, nalo likafika, likakaa pale pembeni, likaniacha nione mbele.

Filimbi ikalia. Wote wakachomoka, mimi nikabaki nyuma kabisa, nikikimbia mwendo wa kwenda kisimani. "Huyo mchawi kachoka!" mtu akapiga kelele. Acha wapige kelele. Nilikuwa napoza uji. Mzunguko wa kwanza ukaisha na mimi ni wa mwisho, na nilikuwa hai. Nilistaajabu jambo hilo. Nilijigusa kifuani nikikimbia, moyo ulikuwa unadunda kwa nguvu, lakini ulidunda kama moyo wa mtu anayekimbia. Nikaiachia miguu kidogo. Nikampita mmoja, nikampita yule aliyenishtaki, nikampita mwingine. Kwenye kona ya mwisho upepo ulikuwa usoni na nikahisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu Mama aanze kusimama njiani. Nilihisi furaha, wazi kabisa, mpaka nikataka kupiga kelele.

Nilimaliza wa tatu. Walichukuliwa wawili tu kwenda mbele. Nilipita mstari nikakaa kwenye nyasi, nikaanza kulia kwa sauti, na sikuweza kuacha.

Baba alifika ameshika sweta langu, amelikung'uta majivu. Alichuchumaa. "Usilie, mama. Wa tatu si mbaya. Mwakani upo."

"Silii kwa ajili hiyo."

"Unalilia nini?"

"Sijafa."

Alinitazama bila kuelewa. Nikamwambia yote, maneno yakitoka yamechanganyika na makamasi: mkono kifuani, kisima, zahanati, sufuria, kifutio nilichompa Vumilia. Nilipofika kwenye habari ya kunifundisha kufa vizuri, Baba alikaa chini, matako vumbini, na suruali yake ya msituni ikajaa majivu.

"Mganga alisema huna kitu," alisema. "Ulisikia mwenyewe."

"Hata Mama mlisema hana kitu."

Nyuma yetu walikuwa wanaita mita mia mbili wavulana.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Niliwaambia Shangazi yako na wote waseme hivyo. Nilidhani nakupunguzia. Mama yako alikuwa na ugonjwa wa moyo, mama, na tulijua. Wewe huna. Wewe una hofu. Hata mimi ninayo."

Nilimwuliza kama inaua. Akasema haijamuua bado. Kisha akanivalisha sweta, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, tukaenda kununua soda. Vumilia alitufuata, na kamba yangu alinirudishia siku hiyohiyo. Kifutio hakukirudisha.

Nilikimbia tena mwaka uliofuata, na miaka kadhaa baada ya hapo. Sikuwahi kuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Hofu haikuniacha, ilikuja kwenye kila mstari niliosimama, na ikaja pia nilipofanya mitihani, nilipoolewa, nilipojifungua. Nimeipozea uji kila mahali. Nilidhani hilo ndilo Baba alilonipa, na kwamba nimeshalielewa lote.

Tulipomzika, sikulia. Mimi ndiye mwanawe pekee, nilikuwa na wageni, na sufuria za kusimamia. Nilisikia mtu akisema, "Huyu kajikaza kama baba yake," na nikaona fahari, Mungu anisamehe. Baada ya watu kutawanyika, tulikaa na Shangazi tukikunja nguo za marehemu. Shangazi sasa ni mzee, macho yamefifia, lakini mdomo uko palepale. Mkono wake ulipogusa blanketi la kijivu alilitambua, akalikalisha mapajani.

"Mafua ya kaka yangu haya," alisema.

"Alikuwa anaugua mafua sana kipindi kile," nikasema.

Shangazi aligeuza uso kunielekea, kama anayetaka kuhakikisha kwamba ni mimi niliyesema. "Mafua gani, mwanangu? Nilikuwa nikija namkuta kajifunika, mabega yanatikisika. Nikamwambia, kaka, mafua gani haya ya jioni tu, asubuhi huna hata kamasi? Akaniambia, dada, niache na mafua yangu. Msibani walimsifu hakulia, sasa angelilia wapi? Alilia humu. Mpaka sufuria ipoe."

Nilibaki nimeshika mkono wa shati. Niliukumbuka uso ule uliolowa chini ya vidole vyangu, na mtetemo ule mwishoni mwa pumzi, ambao mimi niliuiga na kuufanya sehemu ya mbio zangu. Miaka yote hiyo nilidhani alijifunika kwa ajili yangu. Kumbe alikuwa na chumba chake kimoja tu cha kulilia duniani, na aliponiona nimebanwa akanifungulia mlango, akanikalisha ndani.

Nimelileta blanketi Makambako. Juzi jioni lori la nguzo lilipita, nikasimama mlangoni kama kawaida, na lilipoishia sikuweza kurudi kwenye unga wangu. Niliingia jikoni nikachemsha majani niliyokuja nayo kutoka Kichiwa. Nikakaa kwenye kigoda, nikajifunika, nikasogeza kifuniko. Sufu bado inanuka moshi wetu. Nilivuta kidogo. Nilipotoa, pumzi ilitetemeka mwishoni, na hakukuwa na mtu mbele yangu wa kuifuata. Nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Nje nilimsikia mume wangu akimwambia jirani kwamba mama watoto ana mafua.

Kisha ncha ya blanketi ikainuka na mwanga ukaingia. Alikuwa Upendo, kitinda mimba wangu, amechuchumaa, jicho moja likinichungulia.

"Mama, unalia?"

Neno la Baba lilikuwa tayari mdomoni. Mvuke. Ni jepesi, na lingetosha. Mimi mwenyewe lilinitosha.

"Ndiyo, mwanangu," nikamwambia. "Namlilia babu yako. Ingia, ushushe na upande wako, baridi isipite."